Kibao cha Hospitali

Ayoubu hakuwa na ngazi, akasimama juu ya pipa. Hakuwa na shamba, hakuwa na mke tangu Olga arudi kwao Lusangi, hakuwa na cheti cha shule yoyote, wala rangi nyekundu ya kutosha kumaliza msalaba. Mwandiko mzuri alikuwa nao. Kwa mwandiko huo alikuwa ameandika vibao kumi na tisa vya Bandari Mpya, mji uliotangazwa kwenye ukingo wa Lualaba, nusu siku kwa mtumbwi kutoka Nyangwe. SOKO KUU. SHULE. BENKI. Nyuma ya kila kibao palikuwa na majani marefu kuliko mtu.

"Papa Ayoubu! Ile musalaba inaisha leo, ao tungojee Noeli?"

Cécilia alisimama mbele ya nyumba yake, hatua ishirini kutoka kwenye kibao cha HOSPITALI. Alihamia mwezi wa sita kutoka Wamaza, mumewe Gaston akiwa amejitwika mlango wa nyumba yao ya zamani. Viwanja vilikuwa vingi. Cécilia alichagua hiki. Sasa mvua za kwanza zilikuwa zimeacha mstari wa matope ukutani, kimo cha goti.

"Rangi imekwisha, mama."

"Basi shuka uniandikie barua. Miye mukono yangu inajua jembe tu."

Ayoubu akakaa juu ya kinu kilichopinduliwa, karatasi gotini.

"Andika: Hervé, ndugu yangu, tuko wazima. Maji inaingia kidogo, itakauka. Siku ya Mungu mutoke kama ulivyosema, umulete muke yako Chimène mbele mimba haijakuwa nzito. Huko mumezika watoto wawili kwa sababu ya mbali. Huku hospitali iko karibu, ukitupa jiwe inafika."

Kalamu ikasimama.

Siku ya kusimika kibao hiki, tajiri aliyeutangaza mji alikuwa akitazama simu yake. "Weka popote," alisema, "mradi ionekane kutoka mtoni." Ayoubu akatembea ukingoni na kibao kwapani. Hapa aliona majani makavu yamenasa kwenye matawi, juu ya kichwa chake, pale maji ya mwaka uliopita yalipoyaacha. Aliyaona vizuri sana. Lakini kutoka mtoni weupe wa kibao ungependeza, na herufi zilikuwa zake. Akachimba shimo.

"Papa, umelala?"

"Hospitali haiko, mama."

"Najua haiko. Itajengwa."

"Hakuna mutu aliyepima. Ni miye nilichagua hapa. Kibao ilionekana muzuri."

Cécilia akageukia mstari wa matope ukutani. "Na maji?"

"Niliona alama yake kwa miti. Inapita kichwa yangu."

"Kumbe nimejenga karibu ya picha." Akacheka kidogo, kicheko kisicho na mate. "Gaston alisema tupande kule juu. Nikamwita mupumbavu, mbele ya watoto."

Ayoubu alitamani atukanwe. Hakutukanwa.

"Pasua hiyo. Andika ingine, kwa jina yako. Hervé akisikia maneno yangu atasema dada amechoka tu."

"Barua yote inayofika Wamaza, katekista anaisoma mbele ya kanisa yote."

"Si ndiyo? Kuna jamaa sita kule wanafunga mizigo waje huku. Wasikie."

Miaka arobaini Ayoubu alikuwa ameandika maneno ya wengine: ya wachumba, ya wafiwa, ya matajiri. Yake mwenyewe yalikuja polepole, na mwandiko ukapinda. *Miye Ayoubu, mwandika vibao wa Kasongo, niliweka hospitali mahali pa mafuriko, na nilijua. Hakuna hospitali. Hakuna shule. Chimène asije. Anayefunga mizigo afungue.* Akaweka sahihi. Akataka kuongeza kwamba tajiri ndiye aliyemtuma, akainua kalamu, akaiacha.

Gundi hawakuwa nayo. Cécilia akaleta bugali kwenye ncha ya kidole, akaipaka bahasha, akaibana kwa dole gumba mpaka ikashika. Kisha akamwita Joël, mwenye pikipiki, aliyekuwa akijaza mafuta kwa safari ya Kasongo na Wamaza.

"Utafika lini?"

"Daraja ikiwa nzima, siku ya posho jioni, mbele ya Siku ya Mungu. Ikiwa imekwenda na maji, Mungu anajua."

"Usiikunje. Haijakauka."

Joël akaitia ndani ya shati. Pikipiki ikakataa mara mbili, ikawaka. Penye utelezi gurudumu la nyuma likakimbia upande. Akashusha mguu, akajinyoosha, akaendelea kupanda, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine umefunika kifua.