Mvua Niliyoiomba Hewani

Cheo cha mkurugenzi nilijipa mwenyewe, na hakuna aliyepinga kwa sababu hakuna aliyekitaka. Redio yetu ya Kikristo ilikuwa chumba kimoja, zamani ghala la nafaka la kanisa, na wafanyakazi tulikuwa mimi, mke wangu, na shemeji yangu fundi, mdogo wake mke wangu. Ukutani tulibandika trei za mayai na godoro kuukuu ili kuzuia mwangwi. Umeme tuliupata kwenye sola na betri ya lori. Siku za mawingu tulihubiri harakaharaka, kabla Neno halijaishiwa chaji.

Mimi nilikuwa na sauti. Hilo nililijua kuliko mtu yeyote. Nikisema "wapendwa wasikilizaji", nywele zilinisimama mwenyewe. Mke wangu alisoma matangazo: ng'ombe aliyepotea, kliniki ya watoto, misiba. Nilimwachia dakika chache mwishoni, kama anayeachiwa ukoko.

Mwaka ule jua lilitukausha. Mbegu zilifia ardhini. Watu wakanijia.

"Mwinjilisti, tuombee mvua redioni. Huenda dua ikipita hewani inafika upesi."

Mtu mwenye sauti kama yangu haombwi mara mbili. Nikaomba juma zima, na sikuomba manyunyu. "Bwana, fungua malango yote ya mbinguni! Usibakize hata tone!"

Wimbo ulipokuwa ukipigwa, mke wangu akaninong'oneza, "Baba, pima maneno. Paa letu unalijua."

"Imani haina kipimo, mama," nikamjibu, nikajisikia nimesema jambo kubwa.

Siku moja mchana, nikiwa katikati ya mahubiri, mbingu zikawa nyeusi tii. Tone la kwanza likagonga bati. Nikainua mikono. "Mmesikia, wapendwa? Niliwaambia nini?" Naam, nilisema "niliwaambia", kana kwamba mawingu yalikuwa ng'ombe wangu na nimeyafungulia zizini.

Basi ikashuka. Haikunyesha ile, ilimwagwa. Upepo ukainua bati la upande wa mlango, ukalikunja kama karatasi, ukaenda nalo. Boriti ikaporomoka na kulala mlangoni. Shemeji akaikumbatia betri ndani ya koti lake kama mtoto mchanga. Mkurugenzi akaingia chini ya meza.

Mke wangu akafungua mwavuli wake wa kwenda kanisani, akausimamisha juu ya mitambo. Nilijisogeza nami nipate kivuli chake, akanisukuma kwa goti.

"Wewe utakauka. Mashine haikauki."

Hapo simu ikaita. Alikuwa nesi wa zahanati, ng'ambo ya mto.

"Bado mko hewani? Mto umekuja na magogo, daraja limesombwa! Watoto wa shule wametoka, nawaona wanateremka kilimani. Hawajui! Nampigia mwalimu hapatikani. Semeni, jamani, semeni!"

Nikachomoka chini ya meza, nikashika kipaza sauti. Sauti yangu maarufu ikatoka kama ya kifaranga aliyekanyagwa. "Wape... wapendwa..."

Mke wangu akaninyang'anya. Kwa sauti ileile ya ng'ombe aliyepotea, bila kutetemeka, akasema, "Tangazo. Daraja la mtoni halipo. Mama mwenye duka la njia panda, ukinisikia, toka sasa hivi uzuie watoto. Fundi cherehani, msaidie. Daraja halipo."

Akarudia. Akarudia tena. Maji yalimtiririka usoni, akarudia. Mimi nilikuwa nimeushika mguu wa meza, nikiomba kimyakimya, safari hii kwa lugha fupi sana.

Simu ikaita tena. Nesi alikuwa analia na kucheka. "Wamezuiwa! Mama wa duka ameweka meza katikati ya njia, fundi cherehani anawaswaga kama mbuzi. Wanarudi shuleni wote!"

Mke wangu akaketi kwenye kiti changu. Nikavua shati langu nimfute uso, lakini lilikuwa limelowa kuliko uso wenyewe.

Kesho yake niliona umati unakuja, nikajua nimekwisha, maana mashamba ya bondeni yalikuwa yamezama. Kumbe walibeba nyasi, misumari, na bati letu lililookotwa mbali. Mzee wa kanisa akanishika mkono kwa nguvu.

"Mwingine angekimbia. Wewe ulibaki!"

"Mzee, boriti iliziba mlango."

"Unyenyekevu huo!"

"Nilikuwa chini ya meza, mzee."

"Ulipiga magoti!" Umati ukaitikia amina.

Nikamtazama mke wangu anisaidie. Alikuwa ameinama kuokota misumari, mabega yakimtikisika. Nilichoweza kufanya ni kumwonyesha kwa kidole na kusema, "Ni huyu." Mzee akasema ni vizuri mume kumsifu mkewe.

Wasikilizaji hawakudanganyika kiasi hicho. Walianza kupiga simu wakimtaka mama wa matangazo, kwa hiyo ratiba ikageuka. Sasa asubuhi yote ni yake, na mimi napata robo saa akishachoka. Juzi nilipita kwa mama mwenye duka, nikamwuliza kama mahubiri yangu yanamfikia vizuri.

"Vizuri sana, Mwinjilisti," akasema. "Ukianza tu, najua wakati wa kwenda kuchota maji umefika."