Mlinzi Aliyemkana Nyundo

Katika ofisi ya maji, mkuu wa kompyuta aliitwa Nyundo, na hakuna aliyehitaji kuuliza sababu. Akikaa kwenye kibodi, hata waliokuwa uani walijua. Aligonga herufi kama mtu anayeua siafu, mdomo umejaa karanga. Kila siku nenosiri alilikosea mara ya kwanza, akaitukana mashine, ndipo akalipatia mara ya pili. Kibodi zilimfia mikononi zingali mpya.

Lakini nyumbani kwa mama mkwe wake, Nyundo alikuwa mtu mwingine kabisa. Huko aliketi ukingoni mwa kiti, akajibu "Ndiyo, Mama" kwa sauti ambayo hata mbu angeionea huruma. Mama mkwe, mwalimu mkuu mstaafu, aliwatambia majirani kwamba binti yake ameolewa na mtu laini kama pamba.

Mama huyohuyo ndiye aliyeteuliwa kuwa mwenyekiti mpya wa bodi ya maji. Na leo alikuwa anakuja kumkagua Mlinzi.

Mlinzi ni jina walilolipa dude jipya la kulinda mtandao wa ofisi, mtandao ambao ndio ulioendesha pampu za mji mzima. Dude hili halikungoja kuamriwa. Lilijifunza lenyewe jinsi kila mfanyakazi anavyogusa herufi, mwendo wake na makosa aliyoyazoea; likimwona mgeni, linafunga kila kitu bila kuuliza mtu. Nyundo ndiye aliyelipigania. "Hata mimi sitakuwa na mlango wa nyuma wa kulikwepa," aliiambia bodi huku akijipiga kifua. "Likituaibisha, nirudisheni kusoma mita majumbani." Bodi ikayashika maneno hayo.

Mama mkwe akaingia, mkoba kwapani, miwani kwenye ncha ya pua.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Haya, nioneshe huyo mlinzi wenu."

Karanga zilikuwa zimefichwa kwenye droo tangu asubuhi. Nyundo alinyoosha mgongo, akazigusa herufi kwa ncha za vidole, polepole, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala. Nenosiri akalipatia mara ya kwanza.

Skrini ikawa nyekundu: HUYU SIYE. PAMPU ZIMEFUNGWA.

Fundi wa pampu, mtu mnene asiyejua kunong'ona, akatokea mlangoni akihema. "Nyundo! Pampu zote zimezima! Tangi la hospitali linashuka!"

"Nyundo ndiye nani?" Mama mkwe akauliza.

"Ni... ni fundi mmoja hivi, Mama."

"Fundi gani tena?" Mnene akashangaa. "Si wewe hapo!"

Nyundo akajaribu tena, kwa upole kuliko mwanzo. Skrini ikaandika: MWIZI ANAZIDI KUJIFANYA MWEMA.

Hapo akaelewa. Mlinzi hakuwahi kumwona mtu huyu mpole. Aliyemjua ni yule mwingine.

"Kaka, si uigonge kama siku zote," Mnene akamwambia, akidhani ananong'ona.

"Siwezi. Mama yupo."

"Basi kesho ukasome mita, na mbwa wa watu wakufukuze."

Nyundo akageuka. "Mama, nilikuwa naomba utoke nje kidogo tu."

"Nitoke? Nimekuja kukagua kompyuta au kukagua ukuta? Fanya kazi yako, baba, wagonjwa wanataka maji."

Alimtazama Mama, akaitazama skrini, akafumba macho. Kisha akaivuta droo, akajitia karanga mdomoni konzi nzima, akakunja mikono ya shati. Akagonga. Meza ikaruka. Nenosiri akalikosea.

"Pumbavu wee! Mtoto wa pasi mbovu! Fungua!"

Akagonga tena. Kikombe cha kalamu kikaenda chini.

Skrini ikawa kijani: NDIYE. KARIBU.

Mbali kule nyuma, pampu zikaanza kunguruma. Mnene akapiga kigelegele, kisha akamwona Mama, akajiziba mdomo. Nyundo alisimama, macho sakafuni, ganda la karanga limemganda mdomoni.

"Nisamehe, Mama."

Mama mkwe akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena ili amwone vizuri.

"Binti yangu huniambia ukikaa mezani vikombe vinaruka. Nami humgombeza, namwambia asimsingizie mpole wa watu." Akatikisa kichwa. "Dude la juzijuzi limekujua kuliko mimi. Basi, libaki, nawe ubaki. Na ukija kwangu Jumapili, uje huyuhuyu. Yule mwingine alinichosha. Hata kula hali."

"Ndiyo, Mama."

"Sasa nipishe. Mwenyekiti naye asajiliwe na Mlinzi."

Akaketi, akaivuta droo zaidi, akachota karanga. Kisha akainua kidole kimoja, kile kilichonyoosha madarasa mazima, akakishusha juu ya herufi ya kwanza kwa kishindo kilichomfanya Mnene aruke.

"Polepole, Mama, utaivunja!" Nyundo akapayuka, kwa sauti yake mwenyewe.