Kituo cha Juu

Uongo wa pekee aliokuwa nao Bwana Ashitani Motoharu ulikuwa na urefu wa kilomita moja na robo, na wote ulikuwa wa kupanda mlima. Aliupima mwenyewe. Kabla ya kustaafu alikuwa mpima ardhi wa manispaa, na hapakuwa na uchochoro Tsurumoto ambao hakuujua kwa mita.

Tsurumoto ina reli tatu zinazokwenda sambamba kati ya mlima na bahari, na kila reli ina kituo chake kiitwacho Tsurumoto. Mtu akisema anakaa Tsurumoto, huulizwa swali moja tu: ya juu, ya kati, au ya chini? Watu wa juu wana bustani, na mbwa wao wana nasaba. Watu wa kati wana haraka. Watu wa chini wana majirani. Nyumba ya Ashitani ilikuwa chini kabisa, upande wa bahari, kati ya ukuta wa kiwanda cha pombe ya sake na nguzo za reli ya chini. Hata hivyo, tangu siku aliyoajiriwa, kila alipoulizwa alijibu, "Ya juu," kisha akauliza habari za watoto.

Ili neno lake lisiwe uongo mtupu, kila asubuhi alikipanda kile kilima kwenda kazini kwa treni ya juu, mvua inyeshe, jua liwake. Mkewe, Fusae, alisema wengine hununua heshima kwa fedha. Mumewe aliinunua kwa jasho, na hata hivyo haikumkaa.

Mwaka huo, mwezi wa Julai, uongo ule uliitwa kazini.

Binti yao wa pekee, Chinatsu, alitaka kuolewa na Oginome Yukinari, mrithi wa duka la achari huko Kyoto. Duka liliendeshwa na mama yake, Bi Tsuyako, mjane, na wakioana wangekaa naye ghorofani juu ya duka. Chinatsu alikuwa amesema wazi: "Yukinari nampenda. Lakini nikiona mama yake hanitaki, siendi. Siwezi kuzeeka chini ya dari moja na mtu anayenihesabia pumzi." Naye Bi Tsuyako hakuwa amekubali wala kukataa. Alisema tu kwamba atakuja Jumapili kuwaona wazazi, kisha atasema neno lake.

Jumamosi jioni Fusae aliacha kupanguza vikombe. "Umewaambia washuke wapi?"

"Juu," alisema Bwana Ashitani.

"Juu! Mama wa watu ana goti bovu!"

"Ni mteremko mtupu. Atateremka kama maji."

"Baba," Chinatsu alidakia, "kutoka Kyoto ile treni ya kati inakuja moja kwa moja. Hii yako lazima wabadilishe Osaka."

"Ya kati haina mandhari."

"Na ya chini?"

"Kesho kuna mechi. Unataka mama mkwe wako asukumanie mlango na watu waliovaa fulana za mistari, kila mmoja na tarumbeta lake la plastiki?"

Hilo la mechi lilikuwa kweli, ndiyo maana alilisema kwa sauti kubwa.

"Baba Chinatsu," alisema Fusae, "siku ukifa, jeneza lako tutalipandisha kwanza kituo cha juu, ndipo tulirudishe nyumbani. Tusije tukakuaibisha."

Chinatsu hakucheka. "Nitanyamaza, baba. Lakini usinitume kudanganya kwa mdomo wangu. Huyo mama ndiye atakayeamua."

"Nani amesema habari ya kudanganya? Nimewaambia washuke Tsurumoto. Hiyo siyo Tsurumoto?"

Jumapili saa tano walisimama yeye na bintiye kwenye lango la kituo cha juu, mahali pa baridi na pa kimya, maua kwenye vyungu, hata kunguru wake wakilia kwa adabu. Treni ya rangi ya kahawia iliyong'arishwa ilisimama, na Bi Tsuyako akashuka: mwanamke mfupi, kimono cha kitani, mwavuli wa jua mkononi. Nyuma yake Yukinari alikumbatia pipa dogo la achari.

Bi Tsuyako aliinama, akatazama huku na huku. "Kituo kizuri sana," alisema. "Kimekufanana, Bwana Ashitani."

Bwana Ashitani alifurahi. Watu wa Kyoto hukusifu kwa namna ambayo kidonda unakiona ukishafika nyumbani.

"Na nyumbani ni mbali?"

"Hapo chini tu," alijibu, na kila neno lilikuwa kweli.

Wakaanza kuteremka. Mwanzoni alitembea kifua mbele, akiwaonyesha miti. Walipofika kwenye geti kubwa la mawe, lenye misonobari iliyokatwa vizuri kuliko nywele za mtu, Bi Tsuyako alisimama.

"Ndiyo hapa?"

"Bado kidogo."

"Ah."

Geti la pili lilikuwa la chuma. "Hapa?"

"Bado kidogo tu, Bi Oginome."

"Ah."

Geti la tatu halikuwa geti, ilikuwa nafasi ya kuegesha gari. Bi Tsuyako aliuliza vilevile, kwa upole uleule, naye Bwana Ashitani akajibu vilevile, ila sauti ilikuwa imepungua. Wakapita chini ya reli ya kati wakati treni ya mwendo kasi ikinguruma vichwani mwao.

"Kumbe na hapa pana reli," alisema Bi Tsuyako.

"Ipo ipo."

"Inatoka wapi?"

Bwana Ashitani alikohoa. "Nadhani... upande wa Kyoto."

"Ajabu!" alisema Bi Tsuyako, akamtazama mwanawe, naye Yukinari akalitazama pipa.

Chini ya reli ya kati, goti lilianza. Bi Tsuyako hakulalamika. Aliugeuza mwavuli kuwa mkongojo. Chinatsu akaja upande wake akampa mkono, akamtupia baba yake jicho ambalo mpima ardhi huyu, pamoja na ujuzi wake wote, asingependa kulipima. Kwa tahadhari Bwana Ashitani aliwapitisha uchochoro wa nyuma ya kiwanda, ili wasikutane na lango la kituo cha chini wala na wale wa fulana za mistari. Njia ikaongezeka.

Nyumbani Fusae aliwapokea kwa chai baridi ya shayiri na mkunga wa kuchoma juu ya wali. Mambo yangekwenda vizuri kama si treni. Kila baada ya dakika chache ilipita nyuma ya nyumba, vikombe vikatetemeka, mazungumzo yakakatika, na wote watano wakangoja wakiangalia chakula kana kwamba wanasali. Hakuna aliyesikia kitu. Baada ya hapo kila mmoja aliendelea na neno alipoliachia.

Kisha, kupitia dirishani, kipaza sauti cha kituoni kikasema kwa ufasaha: "Tsurumoto. Tsurumoto. Tafadhali simameni nyuma ya mstari wa njano."

Fusae aliinuka akafunga dirisha. Joto likaketi nao kama mtu wa sita.

"Mna jirani mwenye sauti nzuri," alisema Bi Tsuyako.

"Mzee wa watu, anapenda kusema," alijibu Fusae, akakimbilia jikoni kuleta mapichi. Bwana Ashitani alimsikia akicheka ndani ya taulo.

Bi Tsuyako alimuuliza Chinatsu maswali machache: huamka saa ngapi, mikono yake huwa ya moto au ya baridi, na kama anapenda biringanya. Majibu aliyapokea kwa kichwa tu. Kufika saa tisa alikuwa bado hajasema lolote la maana. Akashukuru, akaliminya goti lake kwa viganja viwili, akasema wasije wakachelewa.

Hapo ndipo Bwana Ashitani alipoliona kosa lake. Miaka yote ile alikuwa amechora ramani za vilima kwa ajili ya wenzake, na sasa alikuwa amesahau kwamba mteremko ukigeuka ni mlima. Alikuwa amepanga kuja kwao, kivuli kwa kivuli. Kuondoka hakukupanga kabisa.

Alijifanya anakwenda kunawa, akapiga simu ya teksi. "Leo?" alisema wa huko, akicheka. "Kuna mechi, mzee. Ngoja saa moja na nusu."

Wakatoka nje. Jua lilikuwa limeitwanga lami mpaka inanata. Bi Tsuyako alisimama mlangoni, akafungua mwavuli, akakitazama kile kilima chote, reli ya kati iking'aa katikati na misonobari ya juu ikionekana ndogo kama iliki.

"Twende taratibu," alisema Bwana Ashitani. "Hatuna haraka."

"Mama," Chinatsu alimwambia Bi Tsuyako ghafla. Aliinama mpaka nywele zikamfunika uso. "Kosa ni langu. Hapa nyuma pana kituo. Mimi ndiye niliyemwomba baba awaelekeze cha juu. Niliona aibu kwetu kujulikana ni huku chini."

Alikuwa ameapa asidanganye kwa mdomo wake. Bwana Ashitani alijua kwamba sasa alitakiwa kufanya jambo moja tu, nalo ni rahisi: kunyamaza. Angenyamaza, wageni wangepanda treni ya hapa, na jina lake lingebaki juu liliko. Akamtazama Bi Tsuyako. Uso wa mama huyo ulikuwa umemgeukia Chinatsu, na tabasamu la adabu lililodumu tangu saa tano lilikuwa limeondoka. Bwana Ashitani aliona jambo ambalo mama huyo angerudi nalo Kyoto: msichana anayeionea aibu nyumba ya wazazi wake, na kwa aibu hiyo anamtembeza mgonjwa juani. Mtu kama huyo, nani angempa ufunguo wa duka?

"Anasema uongo," alisema Bwana Ashitani.

Wote wakamgeukia.

"Ni mimi. Kituo chetu ni hicho hapo, mita mia mbili na arobaini mpaka kwenye ngazi. Sijawahi kumwambia mtu. Nimesema 'juu' tangu huyu hajazaliwa. Yeye jana alinikataza, na mama yake akanikataza. Goti lako nimelitesa mimi, Bi Oginome. Usimhesabie binti yangu."

Treni ikapita. Safari hii wote waliisikia.

"Mia mbili na arobaini," alisema Bi Tsuyako ilipokwisha kupita. "Mimi nilidhani mia tatu. Yukinari alinionyesha ramani kwenye simu jana usiku."

"Ulijua?" alisema Chinatsu.

"Binti, mtu hapandi treni mbili kwenda kuangalia mkwe bila kuangalia kwanza nyumba iko wapi. Nilipomwona baba yako kule juu amesimama kama mwenye mlima, nikasema moyoni, huyu bwana ngoja nione atanitembeza mpaka wapi. Kila geti nikampa nafasi ya kutubu."

"Nilimwambia mama tuchukue teksi kulekule," alisema Yukinari. Yalikuwa maneno yake marefu kuliko yote ya siku hiyo.

"Wewe nyamaza, huna goti." Akamrudia Chinatsu. "Na wewe, kudanganya umejifunza lini?"

"Leo, mama."

"Inaonekana. Hujui kabisa. Umeinama mapema mno, mtu anayedanganya huinama mwishoni." Kisha tamko lake lililongojwa siku nzima akalitoa kana kwamba anazungumzia hali ya hewa. "Figili kubwa tunaanza kuzitia chumvi Novemba. Maji ni ya baridi, wageni hulia. Uje Oktoba, mikono ipate kuzoea."

Chinatsu aliitazama mikono yake. Fusae akamjibia: "Atakuja, mama. Hata Septemba."

Basi wakaenda kituo cha chini, wote watano. Mashabiki walikuwa wamejaa langoni, na jamaa mmoja mwenye kofia ya chui alimwachia Bi Tsuyako nafasi kwenye lifti akimwita "bibi yetu," naye akauliza mechi inaanza saa ngapi. Bwana Ashitani alitangulia. Sasa kwa kuwa siri ilikuwa imekwisha toka, alitaka angalau kuwa mwenyeji kamili, akawaongoza jukwaani kwa mkono ulionyooka, akawapanga vizuri nyuma ya mstari wa njano, akawaambia treni ya kwenda Osaka haitachelewa.

Haikuchelewa. Iliingia kwenye jukwaa la ng'ambo, ikafungua milango, ikachukua fulana zote za mistari, ikaenda zake.

"Baba Chinatsu," alisema Fusae polepole, "huku ni kwenda Himeji, siyo Osaka."

Bwana Ashitani aliangalia ubao. Aliangalia reli. Alijua urefu wa jukwaa lile kwa sentimita, lakini hata siku moja hakuwa amepandia treni pale.

Bi Tsuyako aliuweka mwavuli wake chini, akajishika kiuno, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akacheka kwa sauti.

"Nisamehe, mkwe," alisema. "Nilikudhania mwongo. Kumbe kweli wewe ni mtu wa juu."