Makofi ya Maridhiano

Tulinagwe aliambiwa aongee Kinyakyusa. "Kilugha kinagusa zaidi, mama," alisema Marystella wa shirika la haki, aliyeandaa mkutano huu wa maridhiano hapa Njisi, wilayani Kyela. Kiswahili Tulinagwe anakijua, miaka yote ameuza mchele sokoni, lakini nani alimuuliza? Akapewa maiki.

Ukumbi ulikuwa unachemka kwa joto la mabati. Meza kuu walikaa wageni waliotoka mikoa mingine, na katikati yao Deusdedit, siku hizi mkubwa mwenye dereva, aliyekuwa mkuu wa kituo cha polisi mwaka ule wa fujo za uchaguzi. Gari lake ndilo lililomchukua Brighton, mwanawe Tulinagwe, kule Bujonde, akiwa bado na matope ya majaruba miguuni. Hakurudi. Sisi Wanyakyusa tunazika nyumbani, kando ya migomba, na mama huyu hana kaburi la kufagia. Hata msiba hatukuukaa. Tungelia mbele ya nini?

Alisema kwa Kinyakyusa, macho makavu: "Sikuja kusamehe mtu. Yule pale alimchukua mwanangu. Aseme alikomtupa, nikachukue mifupa nizike."

Mkalimani alikuwa Anyitike wa hapa hapa Njisi. Akamtazama Marystella. Marystella akamkazia macho.

"Mama anashukuru," Anyitike akasema kwa Kiswahili. "Anasema yaliyopita yamepita. Amewasamehe wote."

Meza kuu wakapiga makofi. Sisi tuliojaa kwenye viti vya plastiki, Wanyakyusa watupu, tulisikia yote mawili. Tukainamisha vichwa. Halafu, loo, na sisi tukapiga!

"Sikusema hivyo!" Tulinagwe alipaza sauti, kwa Kiswahili. Maiki ilikuwa imeshazimwa.

"Muda, mama, muda umetubana," Marystella alisema, akimshika bega. "Wafadhili wanataka picha. Na chakula kiko tayari."

Wakamsogeza mbele. Deusdedit alishuka mwenyewe, akaupokea mkono wake kwa mikono miwili, kwa heshima zote. "Ndaga, mama," alisema, shukrani pekee ya Kinyakyusa aliyojifunza miaka yote aliyokaa kwetu.

Tulinagwe hakuuachia mkono ule. Aliung'ang'ania.

"Ulimtupa wapi?" alimuuliza taratibu, kwa Kiswahili kisichohitaji mkalimani.

Deusdedit alizidi kutabasamu.

"Angalia kamera, mama," akasema.