Tai wa Jabali la Itiryo

Magige alikuwa ameapa mbele ya ritongo, mkutano wa wazee wa kijiji, kwamba hatashuka mlimani kabla ya kukibomoa kiota cha tai. Vitoto vyake viwili vya mbuzi vilikuwa vimepotea, na neno likishatoka mtu akiwa amesimama kwenye ritongo, kulimeza ni aibu.

Alipanda na jirani yake Simioni, kamba begani, panga mkononi.

"Mura, kijana wewe, ukianguka, nani atarithi ng'ombe wako?" Simioni aliuliza.

"Si wewe. Wewe hata kuku wanakushinda."

Ukungu ulipoachia, pimbi walitoka mapangoni kuota jua, wanene, wametulia juu ya mawe kama waumini wanaosubiri ibada ianze. Mmoja alikaa juu kabisa, akilinda. Ndipo tai akatokea mbele yao, mweusi tii, mgongoni ana weupe. Hakuwa na haraka. Alipita waziwazi, akaelea, akageuka. Mlinzi akapiga kelele, na pimbi wote wakamkodolea macho tai huyo.

Tai mwenzake alikuja kwa nyuma. Aliibuka ubavuni mwa jabali, chini chini, karibu aguse majani, na kabla Magige hajavuta pumzi pimbi mmoja alikuwa angani.

"Umeona?" Magige alinong'ona. "Yule wa kwanza alikuwa anawazubaisha tu. Mume na mke, wamepanga pamoja."

"Mimi na mke wangu hata kuhamisha meza tunagombana."

Chini ya kiota walikuta lundo la mifupa. Magige alipiga magoti akachambua mafuvu. Aliyekulia zizini anajua kuwa mbuzi hana meno ya juu ya mbele. Haya yalikuwa na meno mawili marefu, makali kama patasi. Pimbi. Pimbi tena. Alichambua hadi mikono ikajaa vumbi jeupe, ndipo akapata fuvu moja dogo, tupu pale mbele. La mbuzi.

"Ushahidi huo," Simioni alisema. "Panda."

Magige alitazama chini, shamba lake la maharage lilipogusana na mawe. Msimu uliopita pimbi walikuwa wamelitafuna pembeni kote. Akalitazama tena lile lundo. Wote hao wangeshuka shambani, wao na watoto wao.

"Ananilindia shamba, nami nimvunjie nyumba?" Akaanza kukunja kamba.

"Na kiapo?"

"Nitakirudisha palepale nilipokitoa."

Alasiri alisimama mbele ya wazee akasema amemkuta mwizi na amemwacha. Kosa ni lake mwenyewe, aliyeacha vitoto vichanga vifuate mama zao hadi mawe ya juu. Sasa vitoto vilivyobaki vitakaa bandani mpaka viote pembe. Walimcheka sana. Mzee mmoja alimwuliza kama tai wamempa kazi. Magige naye alicheka, kisha akaeleza kwa mikono jinsi wale wawili walivyowinda, mmoja mbele, mmoja nyuma. Polepole kicheko kikapungua, wazee wakaanza kuuliza maswali.