Njia ya Kwenda kwa Dominika

Jumamosi ya kuamkia Majilio, Albina alimwaga pombe. Ilikuwa pombe nzuri ya ulezi, imeiva sawasawa, na kuku wa jirani waliokula machicha yake walilala mlangoni hadi jioni. Mumewe Beda, mzee wa kanisa, alisimama kando mpaka mtungi ulipokauka, kisha akatangaza utaratibu wa nyumba. Rozari kila jioni. Ngoma marufuku. Na kigoda kimoja kiachwe wazi karibu na moto kwa ajili ya Mgeni anayengojewa. Kigoda alichokichagua kilikuwa cha Albina, kwa hiyo tangu siku hiyo Albina alikaa chini.

Jumapili Padri alihubiri kwa Kiswahili, na Beda akageuza kwa Kifipa ili wazee nao wapate. Padri alisema watu waiandae njia ya Bwana: mabonde yafukiwe, vilima vishushwe, palipopinda panyooshwe. Akaeleza kirefu kwamba hayo yote ni mambo ya rohoni. Beda alikuwa na njaa, na hapo kwenye roho akafupisha. Ardhi ya Ufipa haikujua Kiswahili. Ilisikia Kifipa.

Asubuhi ya Jumatatu Albina alitoka kijijini kwao Kasense na ufagio wake kwenda kufagia kanisa, akakuta lile bonde la matope lililokuwa likimmeza hadi magotini limejaa udongo mwekundu, umeshindiliwa vizuri. Mbele yake kilima hakikuwapo. Alipita bila kukunja kanga. Kisimani alimwambia mwenzake mmoja kwamba kilima kimeondoka, na yule akauliza kama kimeacha mawe, maana alikuwa anahitaji mafiga.

Wiki haikuisha kabla njia haijawa pana kiasi cha ng'ombe wawili kupishana. Padri alitoka nje, akafumba jicho moja na kuitazama kwa jingine, akawasifu waumini kwa bidii yao. Waumini wakazipokea sifa.

Jumapili ya pili ndipo ilipoonekana kwamba njia ile haiingii kanisani. Ilifika kwenye kona ya ukuta, upande wa choo, ikapitiliza. Ikakata katikati ya tanuri la matofali ya misheni, ikaenda kuishia kwenye kibanda cha nyasi. Mbele ya mlango wa kibanda ilijitandaza kidogo, kama uwanja wa nyumba ya mtu wa maana. Kibanda hicho kilikuwa cha Dominika.

Dominika alijulikana na watu wote. Alikuwa mke wa Beda tangu Beda hajawa Beda, wakati bado anaitwa kwa jina la babu yake. Shamba lilipowazidi nguvu ni Dominika mwenyewe aliyekwenda kumposa Albina, binti wa watu, aje wasaidiane. Kisha Beda alitaka kubatizwa, akaambiwa abaki na mke mmoja. Akabaki na Albina, kwa kuwa alikuwa bado kijana. Dominika alipewa jembe na chungu, na Beda akapewa sifa kwa kuushinda ulimwengu, na baadaye uzee wa kanisa. Watoto walibaki kwa baba yao, wakazoea kumwita Albina mama.

Jina la Dominika alikuwa amejichagulia mwenyewe kwa ajili ya ubatizo, akaanza kulitumia mapema ili alizoee. Kila mwaka alimaliza mafundisho. Kila mwaka Padri alimwuliza mzee wa kanisa kama yule mama yuko tayari, na mzee wa kanisa akajibu, "Bado hajatulia, Padri." Basi Dominika aliendelea kusali nje ya dirisha, mvua au jua.

Watu hawakushangaa kuiona njia mlangoni pake. Waliudhika.

"Njia imekosea," alisema Beda kwenye baraza la wazee.

Padri alifikiri, akakubali kwamba jambo hilo linawezekana. Akaamuru malipizi ya Majilio: kila nyumba itoe majembe, waipinde njia iingie kanisani kama inavyostahili. Kuanzia siku ya pili waliipinda. Walichimba, wakabeba udongo kwa vikapu, wakaimba nyimbo za kumngojea Mwokozi, na kufikia saa sita njia ikawa imegeuka vizuri hadi kwenye mlango mkubwa. Kulipokucha waliikuta imenyooka tena kwenda kwa Dominika. Udongo wao ulikuwa umepangwa pembeni, na majembe waliyoyasahau yameoshwa. Wakaanza upya. Padri alikiri kwamba katika miaka yake yote ya Ufipa hajapata kuona Majilio yaliyoshikwa kwa jasho kama hayo.

Siku moja walipokuwa wakiipinda, lori la Saad lilitokea. Saad alikuwa na duka Sumbawanga mjini na alikuwa akiwaletea chumvi na nguo. Alizima injini, akawatazama kwa muda.

"Mimi Mwislamu, haya hayanihusu," alisema. "Lakini kwa nini msimwite tu yule mama aingie ndani? Si mtakuwa mmemaliza kazi?"

Majembe yalisimama. Kisha Beda akauliza chumvi anauzaje, na mazungumzo yakarudi kwenye mambo ya kueleweka.

Albina hakulala vizuri siku hiyo. Asubuhi alijaza unga wa ulezi kwenye ungo, akaifuata njia mpaka mwisho. Mlangoni alipiga magoti, akapiga makofi taratibu kama inavyompasa mtu anayemwamkia mkubwa wake.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Karibu. Usikanyage hapo, nimetoka kupafagia."

"Dada, hii njia umeiita wewe?"

"Niiite kwa mdomo gani? Niliamka nikaikuta mlangoni. Sasa nafagia asubuhi na jioni, maana nyumba ndogo hujaa vumbi upesi." Dominika aliupokea unga, akaunusa. "Ulezi wa shamba la juu huu."

"Ndiyo, dada."

"Yale matuta niliyainua mimi nikiwa na mimba ya Flavian. Hajambo Flavian?"

"Hajambo. Ameshakuwa mrefu kuliko baba yake."

Dominika aliutikisa ungo kidogo ili unga ukae sawa. "Simtaki Beda," alisema. "Kamwambie hivyo, asiogope. Shamba nalo mmelizoea, laleni nalo. Mimi nataka kubatizwa. Ni neno moja tu linalomtoka mdomoni yeye. Aseme nimetulia. Huoni nilivyotulia?"

Albina aliona. Jioni, baada ya rozari, watoto walipokwenda kulala, alisema akiwa pale pale chini alipokaa.

"Baba Ignasi, sema neno kwa Padri. Yule mama abatizwe kabla ya Noeli."

Beda alichochea moto. "Akibatizwa atakaa wapi?"

"Kanisani. Upande wa wanawake."

"Mbele ya watu?"

"Kwani wengine hukaa nyuma ya nani?"

"Mama Ignasi, fikiri. Leo mimi ni mtu niliyeacha mke mpagani, kila mtu anasema nilifanya vyema. Huyo akishakuwa Mkristo, mimi nitakuwa nimeacha nani?" Akatazama kile kigoda kitupu, akashusha sauti kana kwamba kina masikio. "Tusiharibu Majilio."

Albina alikwenda kuungama. Alimwambia Padri, kupitia kitambaa, kwamba anakula shamba la mwenzake na uzeeni atalelewa na watoto wa mwenzake, na kwamba mwenzake anazuiwa mlangoni kwa hofu ya mtu mmoja. Padri alisikiliza kwa upole. Akasema hayo si madhambi yake bali ni mambo ya baraza la wazee, na baraza lina taratibu zake. Akampa Salamu Maria tatu, na kumkumbusha kwamba kesho zamu ya majembe ni ya nyumba yake.

Noeli ilipokaribia, mikono ya watu ilikuwa imejaa malengelenge na njia haijapindika. Baraza likakutana tena. Kwa kuwa njia imekataa kumwacha Dominika, wakaona ni rahisi zaidi Dominika aiache njia. Alikuwa na kaka yake Ilemba, huko chini bondeni kwenye joto na mbu. Aende akakae na ndugu zake, kama ilivyo heshima kwa mwanamke asiye na mume. Hoja ilipita bila ubishi, na Padri akaifunga kwa sala.

Dominika aliondoka na jembe na chungu. Albina alimsindikiza hadi ukingoni mwa Lyamba lya Mfipa, pale uwanda unapokatika ghafla na ardhi kuanguka hadi bondeni. Waliagana bila maneno mengi. Dominika alishuka kwa kushika mizizi na mawe, chungu kichwani, na Albina alisimama mpaka asimwone tena. Ndipo akalia. Akaosha uso kwenye kijito kabla ya kurudi, kwa sababu alikuwa kiongozi wa nyimbo.

Noeli iliadhimishwa kwa shangwe. Kibanda cha Dominika kilifaa sana kwa pango la mtoto Yesu. Ilibidi kubadilisha nyasi chache tu.

Siku ya pili ya Noeli njia haikuishia tena kwenye kibanda. Ilikuwa imegeuka mashariki, imenyooka hadi ukingoni, na huko Lyamba lya Mfipa lilikuwa limejikunja likawa mteremko laini ambao hata mbuzi mvivu angeushuka. Chini kabisa iliingia Ilemba na kuishia mlangoni kwa kaka yake Dominika. Saad ndiye aliyekuwa wa kwanza kuipita kwa lori, akarudi na samaki wa Ziwa Rukwa. Watu walikula, wakasema Majilio ya mwaka ule yalikuwa na baraka.

Bwana Shauri, Mwingereza mtawala wa wilaya, ambaye kwa miaka mingi alikuwa ameshindwa kuiteremsha barabara bondeni, alimpa Beda koti la bomani lenye vifungo vya shaba. Mvua za Januari zilipopungua kidogo alituma tarishi. Alitaka kujua kama yule mama, akishapumzika, angeweza kuhamishiwa Kirando, upande wa Ziwa Tanganyika. Huko nako milima ilikuwa inasumbua.

"Atakubali," alisema Beda, akifuta kifungo cha koti. "Ni mtu mwelewa."

"Na ubatizo wake?" aliuliza Albina.

"Afike kwanza."

Albina ndiye aliyetumwa kumwambia, kwa kuwa walikuwa wakielewana. Saad alimpa nafasi ya mbele kwenye lori, wakafika Ilemba kabla jua halijawa kali. Dominika alikuwa anafagia uwanja. Alilitazama lori, akamtazama Albina aliyepiga magoti kumwamkia, akaweka ufagio chini na kuanza kukunja mkeka.

"Safari hii wapi?"

"Kirando, dada."

"Kuna kanisa?"

"Lipo. Kubwa."

"Na mzee wa kanisa wa huko ni nani?"

"Simjui."

"Afadhali," alisema Dominika, na kwa mara ya kwanza tangu Majilio alicheka.

Albina hakumwambia kwamba Beda alikwisha kumpelekea mzee huyo salamu, na neno juu ya mwanamke ambaye bado hajatulia. Alimbebea chungu hadi kwenye lori.