Maandishi ya Kijapani

Kandida alikuwa amezama kichwa na mabega ndani ya sufuria kubwa la pilau, akikwangua ukoko wa msiba wa jana, mumewe alipokuja kusimama nyuma yake na kukohoa.

"Mama Anande, tutachelewa."

"Na huu ukoko nao umechelewa kutoka," alijibu kutoka humo ndani, sauti ikivuma. "Niletee maji ya moto."

Abdiel alikuwa tayari, amevaa koti la buluu la kiwandani lenye jina lake kifuani. Kiwanda kilimpunguza mwaka jana pamoja na nusu ya wenzake, serikali ilipotangaza kwamba mashirika yake yatauzwa kwa wenye uwezo. Koti hawakulidai. Walimpa na kiinua mgongo, naye akataka kumalizia nyumba, madirisha yaliyozibwa kwa mabanzi yapate vioo. Kandida ndiye aliyemgeuza nia. Alikuwa akikodisha viti, turubai na masufuria kwa wenye harusi na misiba pale Kimandolu, na kila kazi nono ya mbali ilimpita kwa sababu mkokoteni haufiki mbali. "Nyumba haizai, Baba Anande," alimwambia asubuhi na jioni. "Gari linazaa." Mwanamume akachoka kubishana, akatoa hela yote. Leo ndiyo walikuwa wanakwenda kulichukua hilo gari, na kesho kulikuwa na kipaimara Kikatiti, kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata.

Miaka ile milango ya nchi ilikuwa imefunguliwa wazi, na magari ya mitumba yalikuwa yakiingia kama senene. Arusha nzima ilikuwa imekubaliana juu ya jambo moja: gari lenye maandishi ya Kijapani ubavuni halijakanyaga lami ya Tanzania. Mwenye nalo hakuyafuta ng'o. Aliliosha taratibu, akiyazunguka kama mtu anayeosha kidonda, kwa kuwa ukiyafuta unajishushia bei mwenyewe. Siku ya kuchagua, Kandida alikuta Haisi tatu kwenye yadi ya Hans, barabara ya Moshi. Mbili zilikuwa tupu ubavuni. Ya tatu, nyeupe, ilikuwa na maandishi ya buluu kutoka mlangoni hadi taa ya nyuma. Hakuziangalia tena zile mbili.

"Shikamoo mama, shikamoo mzee," Hans aliwapokea leo, miwani ya jua juu ya kichwa. Alikuwa kijana wa kutoka Machame, mwenye maneno laini na viatu vya kuchongoka. Alitandaza cheti mezani, karatasi nzito yenye muhuri wa rangi ya dhahabu: GARI HILI LIMEKAGULIWA NA KUTHIBITISHWA. "Hapa mnaweka saini tu, mambo yanakwisha."

Abdiel, ambaye kiwandani aliendesha lori tangu ujana wake, alisema angependa kulala chini alitazame kidogo.

"Mzee, cheti ni cha nini sasa?" Hans alicheka. "Ni ili mteja asichafue suruali."

Abdiel alimtazama mkewe. Kandida aliona haya, kijana nadhifu namna ile kufanywa kama mwizi mbele ya watu.

"Baba Anande, usitutie aibu," alisema. Akasaini.

Walipoingia barabarani, Abdiel alishika usukani kwa mikono miwili. Walipopita mzunguko wa kwanza akasema, "Linavuta kushoto."

"Limezoea barabara za kwao. Litazoea na zetu."

Karibu na njia ya kuingilia Kimandolu walisimamishwa na mtu wa kofia na kitabu cha stakabadhi. Alilizunguka gari, akagonga ubavu kwa kalamu.

"Hili tangazo ni la nani?"

"Tangazo gani?" Kandida aliuliza dirishani.

"Haya maandishi. Tangazo lolote la biashara lina ushuru wake."

"Linatangaza biashara gani?"

Yule mtu aliyatazama maandishi kwa muda. "Kazi yangu si kusoma, mama. Kazi yangu ni kutoza." Kisha akasogea, sauti ikalegea. "Ila tunaweza kuelewana. Unaona jua lilivyo kali. Soda tu."

Mwingine angempa ya soda akaenda zake, na pengine wewe na mimi tungefanya hivyo. Kandida hakuwa na moyo huo siku hiyo. Mchele umepanda, gesi hainunuliki, viti vyake vina leseni, turubai lina leseni, na sasa hata herufi asizoweza kuzisoma zina ushuru. Hasira ilimpanda mpaka masikioni.

"Nitayafuta," alisema. "Leo hii. Njoo kesho utoze ubavu mtupu."

"Utalishusha bei," Abdiel alimwambia walipoondoka.

"Sikulinunua niliuze. Nabebea viti."

Fundi Saruni alikuwa na kibanda nyuma ya soko dogo, akiandika mabango ya saluni na bucha. Alipoliona lile gari linaingia uani kwake, aliweka brashi chini.

"Yeyo, karibu," alisema, kwa heshima ya mama kama ilivyo kwa Waarusha. Aliposikia linalotakiwa alijikuna shingo. "Si uyaache tu? Yanapendeza."

"Nimekuja kuomba ushauri au nimekuja na kazi?"

"Rangi ya Japani ni ngumu sana, yeyo. Haitoki."

Kandida alitoa hela, akailaza juu ya benchi, akachukua mwenyewe kopo la tina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, na kitambaa. Rangi ya Japani haikuwa ngumu hata kidogo. Iliteremka kama uji wa buluu, na ile nyeupe ya chini yake nayo ikaanza kulainika na kutoka. Akasugua. Palitokea wekundu. Akasugua tena, Abdiel akakaribia, na herufi zikajitokeza moja baada ya nyingine, kubwa, za Kiswahili kitupu: MVUMILIVU. Chini yake, kwa udogo: KIKATITI – ARUSHA.

Hakuna mtu wa njia ile asiyelijua gari la Mvumilivu. Lilikuwa kifodi, yaani Haisi ya abiria, likapinduka mtoni likirudisha watu kutoka mazikoni, usukani ulipokatika ghafla. Mmoja wa waliokufa alizikwa hapo hapo Kimandolu, na masufuria ya msiba wake yalikuwa ya Kandida.

"Nani aliandika haya?" aliuliza, ingawa Saruni alikuwa amekwisha kuinamisha kichwa.

"Niliambiwa niandike Kijapani. Nikanakili kutoka kwenye boksi la redio."

"Yanasema nini?"

"Sijui, yeyo. Labda 'usiloweshe maji'."

Abdiel alivua koti, akalala chini ya gari hapo hapo vumbini. Alipotoka alisema kwa upole, "Usukani umeungwa kwa kuchomelewa," akajipangusa magoti. Hakumwambia, si nilitaka kutazama. Kandida alitamani amtukane, apate la kujibu.

Walirudi yadini taratibu sana. Hans aliyaona yale maandishi mekundu kabla gari halijazimwa, akawaingiza ofisini na kufunga mlango.

"Mama, saini yako hii. Imeandikwa: 'Nimelikagua na nimeridhika.'"

"Wewe ndiye uliyemzuia mume wangu asikague."

"Nilimshauri tu." Kisha akaketi, akashusha sauti. "Sikiliza. Mnanifanya nionekane mbaya, na mimi nimelinunua kwa mtu kama ninyi. Lirudisheni kwa Saruni, aandike upya kwa gharama yangu. Jumatatu kuna watu wanakuja kutoka Babati. Wanapenda sana yenye maandishi. Linauzwa, hela yenu mnarudi nayo, na ya juu kidogo. Nani ameumia?"

Kandida alimtazama mumewe. Abdiel alikuwa akitazama viatu vyake.

"Babati ni mbali," alisema polepole. "Hatutaonana nao tena."

Ni Abdiel huyu, mzee wa kanisa, aliyewahi kurudi dukani kwa miguu kwa sababu ya chenji iliyozidi. Kandida hakumlaumu. Alijua nani aliyemfikisha hapo, na alijua pia kwamba yeye mwenyewe, moyoni, alikuwa amekwisha kupiga hesabu ya vioo vya madirisha. Aliona aibu, safari hii aibu yenyewe.

Nje ya dirisha mume na mke walikuwa wamesimama kando ya Haisi nyingine, ambayo Kandida hakuikuta siku ya kuchagua, yenye maandishi ya kijani. Mke alikuwa akiipangusa vumbi kwa ncha ya kanga, akiyazunguka maandishi.

"Na lile?" Kandida aliuliza.

"Lile ni la kweli kabisa," Hans alisema.

"Basi chini yake ni nyeupe tu."

Alitoka. Kopo la tina la Saruni, alilokuwa ameondoka nalo, lilikuwa sakafuni mwa gari. Aliwapita wale wawili bila salamu, akalowesha kitambaa, akakibandika juu ya herufi ya kwanza.

"We mama, vipi?" yule mume alisema.

"Ukigusa hilo gari, hela yako husikii tena!" Hans alipaza sauti mlangoni. "Hata senti! Mlinzi!"

Kandida alisikia, akaelewa kwamba kiinua mgongo cha Abdiel kimekwenda na hakirudi. Mkono wake ulisita. Kisha ukaendelea kusugua, kijani kikimchuruzika hadi kwenye kiwiko. Hans alikuja mbio, na Abdiel, ndani ya koti lake la kiwanda kisicho chake, akasimama katikati ya njia, mikono imelegea ubavuni.

"Mwache amalize," alisema.

Yule mke alikuwa ameinama. Alisoma kwa sauti kadiri herufi za chini zilivyotokea, kwa shida, kama mtu aliyejifunza kusoma ukubwani: "Ka... ra... tu." Alimgeukia mumewe. "Baba, hili ni la Karatu."

Kandida alilowesha kitambaa upya, akatazama huku na huku ndani ya yadi kuona gari jingine lenye maandishi lililokuwa jirani.